Michezo ya kwanza ya kompyuta kwa watoto ina funzo kwa shule za Kehancha

MTOTO anayeanza Gredi ya Kwanza mjini Kehancha, Kaunti ya Migori, hufika darasani akiwa na lugha zaidi ya moja. Nyumbani husemeshwa Kikuria, sokoni na mpakani husikia Kiswahili, na vitabuni hukutana na Kiingereza. Akipewa kompyuta inayomdai asome na kuandika Kiingereza kabla ya kufanya lolote, hushindwa hata kabla ya kuanza.

Tatizo hilo si geni. Zaidi ya miaka 40 iliyopita, liliwakabili watunzi wa michezo ya kompyuta nchini Marekani walipotaka kuwapa watoto wadogo michezo ya hadithi na mafumbo iliyokuwa imetungwa kwa ajili ya watu wazima. Watoto hao walikizungumza Kiingereza, lakini hawakuwa wamejua kukisoma vyema wala kukiandika kwa kibodi.

Namna watunzi hao walivyolitatua tatizo hilo inafaa kujulikana na walimu, wazazi na yeyote anayeandaa masomo ya tabuleti kwa ajili ya shule za mashambani.

Mchezo ulio kama kitendawili

Michezo inayozungumziwa hapa ni ile ya safari na mafumbo. Haihitaji wepesi wa vidole kama ile ya mbio za magari au ya kupigana. Mchezaji huwa ndiye mhusika mkuu wa hadithi, naye husonga mbele kwa kufikiri.

Kila mchezo wa aina hii hujengwa kwa mambo manne: mahali pa kwenda, vitu vya kuokota, vitendo vinavyoweza kufanywa na vikwazo vinavyozuia njia. Mlango umefungwa, ufunguo uko kwa mlinzi, mlinzi ana njaa, chakula kiko upande wa pili wa mto. Mchezaji hana budi kuyaunganisha mambo hayo mpaka mlango ufunguke.

Watoto wa Afrika Mashariki wanaifahamu raha hiyo kupitia vitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!", nao wenzake huitikia "Tega!" Utamu wake umo katika kuchunguza, kukisia, kukosea na kukisia tena. Wakishindwa, humpa mtegaji mji, kisha hupata jibu na mchezo huendelea. Hakuna anayefukuzwa barazani kwa sababu ameshindwa kutegua.

Baba aliyewatungia binti zake

Mchezo ulioanzisha aina hii uliandikwa kati ya mwaka 1975 na 1976 na Mmarekani Will Crowther. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta aliyependa kuingia mapangoni, na aliwahi kushiriki kuchora ramani za pango kubwa la Mammoth katika jimbo la Kentucky. Baada ya ndoa yake kuvunjika, alitaka kutunga kitu ambacho binti zake wawili wangefurahia kukicheza.

Mchezo huo, uliopanuliwa na Don Woods mwaka 1977, haukuwa na picha hata moja. Kompyuta ilieleza pango kwa maandishi, na mchezaji akaandika amri fupi za kuelekea kaskazini, kuchukua taa au kufungua lango.

Mwaka 1980, Roberta Williams na mumewe Ken walitoa mchezo uitwao Mystery House kwa kompyuta ya Apple II. Huo ndio unaotambuliwa kuwa mchezo wa kwanza wa aina hii kutumia picha. Ulikuwa na michoro 70 ya mistari mitupu isiyo na rangi, lakini ulitosha kuwaonyesha watu kwamba hadithi ya kompyuta inaweza kuonekana kwa macho.

Diski ya kompyuta hiyo iliweza kuhifadhi takriban kilobaiti 140. Picha moja inayopigwa leo kwa simu ya kawaida inaweza kuzidi kiasi hicho zaidi ya mara 10. Kwa sababu hiyo, watunzi hawakuhifadhi picha kamili, bali maagizo ya kuichora: anzia hapa, vuta mstari hadi pale. Kompyuta ilichora picha upya kila mchezaji alipofika mahali papya.

Mwaka 1984 kampuni ya akina Williams, Sierra, ilitoa King's Quest. Mhusika wake aliweza kutembea ndani ya picha, akapita mbele ya mti na nyuma yake. Macho ya watoto yalivutiwa, lakini mkono ulibaki umefungwa, kwa kuwa kila tendo bado lilidai kuandikwa.

Kikwazo cha maneno

Ili kuelewa ugumu huo, ni vyema kujua jinsi kompyuta hizo zilivyopokea amri. Programu ilikuwa na kamusi yake ndogo ya vitenzi na majina. Mchezaji alipoandika maneno mawili, programu iliyatafuta katika kamusi hiyo. Yalipokosekana, au yalipoandikwa kwa kosa la herufi moja, ilijibu kwamba haikuelewa.

Mara nyingi mchezaji alikuwa amekwisha kulitegua fumbo. Alichokosa ni neno lile hasa ambalo mtunzi alilichagua. Fumbo la hadithi liligeuka fumbo la msamiati.

Kwa Kiswahili ugumu huo ungezidi. Kwa Kiingereza, amri ya kuchukua taa ni maneno mawili yasiyobadilika. Kwa Kiswahili, mtoto mmoja angeandika "chukua taa", wa pili "ichukue taa" na wa tatu "naichukua". Wote watatu wamesema jambo lile lile na wote wako sahihi.

Isitoshe, kitenzi hufuata ngeli ya kitu. Taa ni "ichukue", kikapu ni "kichukue", ua ni "lichukue" na vikapu ni "vichukue". Kikuria nacho, kwa kuwa ni lugha ya Kibantu, kina ngeli na viambishi vyake. Kwa hivyo, mchezo wa Kiingereza wa kuandika amri hauwezi kufaa watoto wa Kehancha kwa kutafsiriwa neno kwa neno tu.

Mwalimu aliyegeuka mtunzi

Mmoja wa watu waliotafuta njia ya kukwepa kikwazo hicho alikuwa Al Lowe, mwalimu wa muziki katika shule za umma za California, aliyejifunza mwenyewe kuandika programu. Mwaka 1982, pamoja na mkewe na marafiki, alianzisha kampuni ndogo ya michezo ya watoto. Baadaye kampuni hiyo ilichukuliwa na Sierra.

Katika michezo ya awali ya kampuni hiyo, Dragon's Keep na Troll's Tale, mtoto hakuandika amri yoyote. Aliona picha ya mahali alipo, na chini yake orodha fupi ya mambo anayoweza kufanya. Alichagua moja, picha ikabadilika. Katika mchezo wa kwanza alitafuta wanyama waliofichwa na joka. Katika wa pili alitafuta hazina iliyoibwa.

Mwaka 1984 Sierra ilitoa michezo kadhaa yenye wahusika wa Disney. Katika Mickey's Space Adventure, mtoto alizuru sayari akitafuta vipande vya johari, na vitenzi na majina yalikuwa tayari kwenye skrini. Alichagua kitenzi, kisha akachagua jina. Hakulazimika kukumbuka neno wala kulitamka kwa herufi.

Mwaka huo huo Lowe alitunga mchezo wa Winnie the Pooh. Upepo mkali umetawanya vitu vya wakazi wa msitu. Mtoto hutembea kutoka mahali hadi mahali, huokota kitu kimoja, humtafuta mwenyewe na kumrudishia. Hawezi kubeba vitu viwili kwa pamoja. Akirukiwa na chui milia aitwaye Tigger, hupoteza alichokibeba na hulazimika kukitafuta upya.

Mwaka 1986 ukaja The Black Cauldron, uliotokana na filamu ya Disney ya mwaka 1985. Mchezo huo ulifanana sana na ile ya watu wazima, ila amri za kuandika ziliondolewa. Vitufe maalumu vya kibodi vilipewa kazi: kimoja cha kuangalia, kingine cha kutenda, kingine cha kuchagua kitu na kingine cha kukitumia.

Kilichoondolewa na kilichobaki

Ni rahisi kudhani kwamba kurahisisha mchezo kwa ajili ya mtoto ni kuutoa ugumu wote. Michezo hiyo inaonyesha vingine.

Kilichoondolewa ni mambo matatu. La kwanza ni kuandika. La pili ni kukisia neno analolitaka mtunzi. La tatu, katika baadhi yake, ni adhabu kali. Katika michezo mingi ya watu wazima ya wakati huo, hatua moja mbaya ilimwua mhusika. Vilevile, mchezaji aliweza kupoteza kitu muhimu mwanzoni na kuendelea kwa muda mrefu bila kujua kwamba hawezi tena kushinda.

Fikra, hata hivyo, zilibaki. Katika mchezo wa Winnie the Pooh, mtoto asingeweza kukamilisha kazi bila kukumbuka ramani ya msitu, kujua kila mkazi anaishi wapi na kupanga safari. Kanuni ya kubeba kitu kimoja tu ndiyo iliyomlazimu apange. Mtunzi aliondoa ugumu usiofunza kitu na kuuacha ule unaofunza.

Tofauti hiyo ndiyo kipimo kinachofaa kutumiwa hata leo. Kuna programu nyingi za watoto zenye rangi za kuvutia na muziki mtamu, lakini mtoto hana la kuamua. Anabofya, anapongezwa, anabofya tena. Ugumu umeondolewa wote, na pamoja nao sababu ya kucheza.

Kipanya na sauti

Hatua iliyofuata ililetwa na kipanya na sauti. Mwaka 1988 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, walitoa The Manhole kwa kompyuta ya Macintosh. Mtoto alibofya sehemu yoyote ya picha iliyomvutia na kuona kinachotokea. Hapakuwa na alama, kushinda wala kushindwa.

Mwaka 1992, Ron Gilbert na Shelley Day walianzisha kampuni ya Humongous Entertainment. Gilbert alikuwa amejijengea sifa kwa michezo ya watu wazima, ukiwemo Maniac Mansion wa mwaka 1987. Mchezo wa kwanza wa kampuni yao mpya, Putt-Putt Joins the Parade, ulimhusu mtoto wa gari anayetaka kushiriki gwaride.

Mchezo huo uliundwa kwa mfumo ule ule ambao Gilbert alikuwa ameutumia kuunda michezo ya wakubwa. Kilichobadilika ni kwamba wahusika walizungumza kwa sauti badala ya kuandikiwa maneno. Mtoto asiyejua kusoma aliweza kuucheza tangu mwanzo hadi mwisho.

Ushahidi kutoka Tanga

Swali lililobaki ni iwapo watoto wa Afrika Mashariki wanaweza kunufaika na kanuni hizo kwa lugha yao. Jibu lilipatikana nchini Tanzania.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2017 hadi mwaka 2019, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu tano katika Mkoa wa Tanga. Karibu watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa tabuleti zenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Vituo vya umeme wa jua viliwekwa vijijini kwa ajili ya kuzichaji. Watoto walijifunza wenyewe, bila mwalimu.

Kwa mujibu wa waandaaji, asilimia 74 ya watoto hao walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno lolote ilikuwa imepungua kwa nusu.

Mei 2019, programu mbili zilitangazwa washindi na kugawana zawadi ya Dola milioni 10: Kitkit School, ya timu ya Korea Kusini na Marekani, na onebillion ya Uingereza. Sooinn Lee, aliyeshiriki kuanzisha kampuni iliyotengeneza Kitkit School, alikuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta kabla ya kuingia katika elimu. Kilichomsukuma kubadili njia ni mahitaji maalumu ya mtoto wake mwenyewe.

Programu zilizofika fainali zilitolewa huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuzichukua na kuzirekebisha. Tanga iko pwani, mbali na Kehancha, lakini Kiswahili kilichotumika ni lugha inayoeleweka pande zote za mpaka wa Isebania na Sirare.

Vifaa vipo, masomo je?

Kwa upande wa Kenya, vifaa si ndoto tena. Ahadi ya kompyuta kwa wanafunzi wa darasa la kwanza ilitolewa na muungano wa Jubilee katika kampeni za mwaka 2013. Majaribio yalianza mwaka 2016 katika shule 150, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 21,000 kote nchini.

Mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, uliuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha masomo ya kuandika programu za kompyuta kwa shule za msingi na sekondari.

Hata hivyo, kifaa pekee hakifunzi. Katika baadhi ya shule nchini, tabuleti ziliibwa. Katika nyingine zilifungiwa kabatini kwa kukosa walimu waliozizoea. Na pale zinapotumiwa, ni rahisi somo likawa ukurasa wa kitabu uliohamishiwa kwenye skrini.

Sera ya elimu nchini inataka watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo lao. Kwa Kehancha, hiyo ni Kikuria. Programu zenye sauti na picha zinarahisisha utekelezaji wa sera hiyo, kwa sababu sauti inaweza kurekodiwa upya bila kubadilisha mchezo wenyewe.

Mchezo wa kutungwa darasani

Mwalimu hahitaji kusubiri kampuni ya ng'ambo. Mchezo wa safari na mafumbo unaweza kuanza kwa karatasi na penseli za rangi.

Tuseme mbuzi wa nyanya amepotea siku ya soko. Wanafunzi wachore mahali sita, kila pahali kwenye karatasi yake: nyumbani, kisimani, shambani, dukani, njia panda na sokoni. Kila karatasi ionyeshe njia za kwenda kwingine. Kisha wachore vitu vinne: kamba, ndoo, mahindi na sarafu.

Vitendo viwe vitatu tu: nenda, chukua na mpe. Mbuzi yuko sokoni, lakini hakubali kusogea bila mahindi. Mahindi yako shambani, na mwenye shamba anataka kwanza aletewe maji. Maji yako kisimani, ila ndoo haina kamba. Kamba inauzwa dukani, na sarafu imeanguka njia panda. Mtoto mmoja awe mchezaji, mwingine awe kompyuta anayebadilisha karatasi kila mwenzake anapochagua.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, mchezaji asiweze kunaswa asipoweza kutoka: ndoo ikimwagika, aweze kurudi kisimani kuijaza. Pili, kila kikwazo kiwe na dokezo linaloonekana kwenye picha, ili anayekwama ajue kwamba hakuangalia vizuri, si kwamba hana akili.

Mchezo ukishafanya kazi kwa karatasi, unaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta kwa programu ya Scratch. Programu hiyo ilitolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, hupatikana bila malipo, na inaweza kutumika bila intaneti baada ya kusakinishwa. Maagizo yake ni vipande vya rangi vinavyopangwa kama matofali. Michoro ya wanafunzi hupigwa picha na kuingizwa humo, na sauti zao hurekodiwa kwa Kikuria na Kiswahili.

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wakubwa michezo ya awali anaweza kutumia ScummVM, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2001. Huiwezesha michezo mingi ya zamani, ikiwemo ya Winnie the Pooh na The Black Cauldron, kuchezwa kwenye kompyuta na simu za kisasa. Mchezo wenyewe, hata hivyo, sharti upatikane kwa njia halali, kwani mingi ingali inalindwa na hakimiliki.

Wazazi nao wana nafasi yao. Mchezo wa mafumbo hufaa zaidi mtoto anapocheza na mwenzake au na mtu mzima aliye tayari kuuliza badala ya kujibu: umeona nini, umejaribu nini, unadhani nini kitatokea? Dakika 20 za mazungumzo kama hayo zina faida kuliko mtoto kuachiwa simu kutwa nzima.

Kompyuta za mwaka 1984 zilikuwa dhaifu mno, na michoro yake leo inaweza kuwachekesha watoto wa chekechea. Waliozitumia kuwatungia watoto walianza kwa kujiuliza ni ugumu upi unamfunza mtoto na upi unamzuia tu. Swali hilo halihitaji umeme wala intaneti, na ndilo linalopaswa kuulizwa kila somo jipya linapowekwa kwenye tabuleti ya shule.